Karatasi ya Farasi

Babu yangu alipofariki mwaka 1978 aliacha kopo moja la bati, la majani ya chai, na ndani yake mlikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kipande chake, bado kimo katika kile kijisanduku cha chuma ambacho wanaume wa Kiafrika nchini Kenya walilazimishwa kukivaa shingoni. Cha pili kilikuwa uzi wa katani wenye mafundo mengi, uliokauka kama ngozi. Cha tatu kilikuwa karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, iliyochapishwa kwa Kiingereza. Ilikuwa tangazo la farasi dume.

Kipande na uzi havikuwahi kunigombanisha na mzee. Karatasi ndiyo iliyotugombanisha, miaka minne kabla ya kifo chake, na leo nimefika umri uleule aliokuwa nao siku ile nilipomkosea. Ndiyo sababu ninaandika habari hizi.

Kwanza niieleze karatasi yenyewe, maana msomaji wa siku hizi huenda hajapata kuiona ya aina hiyo. Zilikuwa jambo la kawaida kwa Waingereza wakulima na wafugaji popote walipokaa. Kwao Uingereza, na kisha Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini, mtu mwenye farasi dume mzuri alimtangaza kila msimu, gazetini au kwa vikaratasi vya kugawa, ili majirani wawalete majike yao apandishwe kwa malipo. Mtindo ulikuwa mmoja. Jina la farasi lilitangulia kwa herufi kubwa. Likafuata rangi yake na kimo chake, ambacho hupimwa kwa viganja, kila kiganja inchi 4, kutoka kwenye kwato hadi pale shingo inapokutana na mgongo. Ikafuata nasaba: baba yake, mama yake, baba wa mama yake, na kama katika ukoo alikuwamo aliyeshinda mbio kubwa, naye hakusahauliwa. Halafu ada, ambayo ilihesabiwa kwa gini. Gini moja lilikuwa shilingi 21, na mambo ya farasi yaliendelea kuhesabiwa kwa gini ingawa sarafu yenyewe ilitengenezwa kwa mara ya mwisho mwaka 1814. Yakafuata masharti ya malisho, na kwamba mwenye dume hatalaumiwa jike likiumia. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, fedha za saisi.

Saisi ni mtunza farasi. Neno hili lilianzia Uarabuni, likapita India pamoja na majeshi ya Waingereza, likaja kwetu. Babu yangu alikuwa saisi katika shamba la setla mmoja upande wa Njoro, tangu mwaka 1921 mpaka wakati wa Hali ya Hatari. Farasi wa kwenye karatasi alikuja mwaka 1926. Jina lake la Kizungu sitalitaja, maana wafanyakazi wenyewe hawakulitumia. Walimwita Karani, kwa kuwa aliposhushwa kwenye behewa pale stesheni ya Njoro alikuwa na makaratasi mengi kuliko mtu yeyote waliyepata kumwona.

Karatasi ya babu ilisema kwamba Karani alikuwa wa rangi ya hudhurungi, kimo chake viganja 15 na inchi 3, ada yake gini 5, na saisi shilingi 5.

Sasa ugomvi. Ilikuwa likizo ya Desemba 1974. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni nikiwa nimejaa habari za ardhi iliyoporwa na kazi ya kulazimishwa, na habari hizo zilikuwa za kweli. Nilikuja nyumbani Kiambu na walimu wenzangu wawili. Babu akafurahi, akalitoa kopo awaonyeshe wageni vitu vyake. Mimi nikaichukua ile karatasi, nikaisoma kwa sauti na kuwatafsiria, kisha nikasema mbele yao, "Guka, watu hawa walikuandika kwa alama za vidole kama mfungwa, na farasi wakamwandika baba na mama yake. Nawe umeitunza karatasi yake miaka yote hii! Kumbe ulikuwa boi wa farasi." Wenzangu wakacheka. Babu akaichukua karatasi, akairudisha koponi, akafunika.

Hakusema nami siku mbili. Kwetu hilo si jambo dogo, kwa maana mimi ndimi niliyepewa jina lake. Mwana wa kwanza wa kiume kwa Wakikuyu huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na babu humwita wajina, kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyerudi akiwa mdogo. Siku ya tatu aliniita nje, tukakaa chini ya mwepikoni.

"Wajina," akasema, "ile karatasi uliisoma yote?"

Nikasema ndiyo.

"Mstari wa mwisho unasemaje?"

Nikamwambia unasema saisi apewe shilingi tano.

"Saisi huyo ni nani?"

Nikanyamaza.

"Basi mimi nimo katika karatasi ile," akasema. "Hukunisoma."

Tangu jioni ile, na kila likizo niliyopata baadaye, alinisimulia. Mengine nimeyatafuta mwenyewe vitabuni nilipostaafu. Nitayachanganya hapa, maana hata kichwani mwangu yamekwisha changanyika.

Njoro aliyoikuta babu haikuwa nchi ya zamani ya mashamba. Malisho yale ya Bonde la Ufa yalikuwa ya Wamasai, ambao kwa mkataba wa mwaka 1904 walihamishwa kupisha masetla, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Na mwaka 1911 wale wa Laikipia nao wakatakiwa kuhama tena. Reli ilikuwa imekwisha fika Kisumu mwaka 1901, na serikali ilihitaji watu wa kulima mazao yatakayopakiwa kwenye magari yake. Lord Delamere alipata ekari 100,000 hapo Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Akaleta kondoo na ng'ombe wa kigeni, wakafa. Akalima ngano, ikashikwa na kutu. Jirani yake, Captain Charles Clutterbuck, aliendesha vinu na kufuga farasi wa mbio, mpaka ukame na madeni vikamwangusha, akaondoka kwenda Peru. Binti yake ndiye Beryl Markham, aliyekua hapo Njoro na baadaye akawa mfundishaji wa farasi na rubani. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 alimpa farasi dume mmoja wa baba yake, Camciscan, sura nzima. Nilikisoma nikiwa na kinyongo, lakini lazima niseme haki: rafiki yake wa utotoni, arap Ruta, aliyefanya naye kazi ya farasi, naye yumo, tena kwa jina lake.

Farasi hakuwa mnyama wa bara hii yetu ya juu. Walioletwa walitoka Somalia na Uhabeshi, wadogo na wagumu. Wengine wakatoka India, Australia, Afrika ya Kusini. Waliwafaa masetla kwa kuzunguka mashamba ya maelfu ya ekari pasipo na barabara, na kwa mbio, ambazo Wazungu hawa hawakuweza kukaa bila hizo. Nairobi walikimbilia Kariokor mpaka uwanja wa Ngong ulipofunguliwa mwaka 1954. Na kule Eldoret hadi leo kuna mtaa uitwao Racecourse, ambako watoto wa shule hupita bila kuuliza kwa nini. Farasi wa Kihabeshi alivumilia lakini hakuwa na kimo wala mbio. Ndipo ilipokuja haja ya dume kutoka Uingereza: jike la Kihabeshi lipandishwe na dume la Kiingereza, na mtoto apate miguu ya baba na uvumilivu wa mama. Hesabu ya karatasi ile yote ilikuwa hiyo.

Kulikuwa na waliojaribu njia nyingine. Punda milia walijaa nyikani, hawaugui, basi kwa nini wasifungwe mkokoteni? Huko Uskoti, Profesa Cossar Ewart alikuwa amempandisha punda milia dume, aitwaye Matopo, kwa majike ya farasi, akapata mtoto wa kwanza mwaka 1896. Na Nairobi ya mwanzo ilikuwa na daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, aliyewazungukia wagonjwa wake akiwa amempanda punda milia; picha yake ipo. Babu alicheka sana nilipomwambia. Alisema punda milia ni kama mtu anayekubali kila neno mchana na usiku akahama na kibanda chake.

Lakini ugonjwa wa farasi haukuwa wa kuchekesha. Ndio uliomwua farasi mmoja baada ya mwingine katika nchi hizi, na unapomshika kwa ukali, katika kumi hufa tisa. Mwaka 1900 ilijulikana kwamba chanzo chake ni kidudu kidogo kisichozuilika hata kwa chujio, yaani virusi, ila namna kinavyosafiri haikujulikana. Wazee wa masetla waliamini ni umande na ukungu wa usiku. Mwaka 1944 tu, huko Afrika ya Kusini, ndipo du Toit alipoonyesha kwamba visubi ndio wanaoupeleka kutoka mnyama hadi mnyama. Kwa hiyo walikosea sababu, lakini tendo lao lilikuwa sahihi: farasi aingie bandani kabla jua halijazama, na asitoke mpaka umande umekauka.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya babu. Saa kumi na moja jioni Karani alikuwa ndani, milango imefungwa, magunia yametundikwa madirishani, na mbele ya banda moto wa samadi kavu unafuka moshi. Banda lilikuwa la mawe, sakafu yake ya mbao, likilazwa majani makavu kila jioni. Babu alimpa shayiri iliyopondwa, pumba, na karoti zilizokatwa kwa urefu ili zisimkwame. Alimsugua mwili mzima kwa kitambaa mpaka, kama alivyosema, unaweza kunyoa ndevu kwa kujitazama ubavuni mwake. Kisha akaenda kulala katika kibanda chake cha udongo, hatua arobaini kutoka hapo, ambacho mvua iliingia.

Nilipofika kwenye neno hilo la kibanda nilitaka kusema kitu. Babu akaniinulia mkono. Alisema habari za kibanda kila mtu anazijua, na kama nataka kumsikiliza nisikilize habari za farasi.

Majike yaliletwa kuanzia mwezi ambao mvua zilikaribia, mengine kwa reli kutoka Nakuru au Molo, mengine yakiongozwa kwa miguu na masaisi wao mwendo wa siku mbili. Babu aliwakaribisha wenzake, na palikuwa na kijiji kizima cha masaisi nyuma ya mabanda: Wanandi, Wakipsigis, Wasomali, Wakikuyu, wakizungumza Kiswahili cha farasi, ambacho kilikuwa na maneno yasiyo katika kamusi yoyote. Jike halikupelekwa kwa dume ovyo. Kwanza lilisimamishwa nyuma ya ukuta wa mbao, na farasi mwingine asiye na thamani akapitishwa upande wa pili. Likirusha mateke, bado. Likitulia na kuinua mkia, tayari. Ndipo likafungwa miguu ya nyuma kwa kamba laini, mkia ukazungushiwa kitambaa, likaoshwa. Karani akatolewa akiwa na lijamu na kamba ndefu, akiongozwa kwa upande, asije akapigwa teke. "Dakika moja tu ya ujinga," babu alisema, "na gini zote zimevunjika mguu." Mambo haya hakunieleza mpaka nilipooa, na hata hapo alitazama kwanza kama mke wangu yu karibu.

Ule uzi wa katani ulikuwa daftari lake. Jike lisiposhika mimba hurudi kutaka dume baada ya siku ishirini na moja hivi. Likishika, huzaa baada ya miezi kumi na moja. Bwana aliandika tarehe katika kitabu. Babu, asiyejua kuandika, alipiga fundo kwa kila siku na fundo kubwa kwa kila jike. Mwaka mmoja bwana alisema jike fulani lirudishwe kwa mwenyewe, lina mimba. Babu akasema, kwa heshima, kwamba siku zake bado, kuna kosa kitabuni. Bwana akamwambia anyamaze. Jike likaenda kwao tupu, na mwenye jike akaandika barua ya hasira. Bwana hakumwomba babu radhi, ila tangu hapo, kila kabla ya kuandika, alimwuliza, "Uzi unasemaje?"

Na zile shilingi tano? Mshahara wa babu ulikuwa shilingi 12 kwa mwezi. Ada ya Karani ya gini 5 ni shilingi 105, yaani kila mara farasi yule alipotolewa bandani alipata kile ambacho mtu aliyeshika kamba yake alikipata kwa karibu miezi tisa. Shilingi 5 za saisi zililipwa na mwenye jike kwa bwana, pamoja na ada. Msimu wa kwanza bwana alimpa babu shilingi 2 kwa kila jike. Wa pili, shilingi 1. Wa tatu hakumpa kitu, na alipouliza aliambiwa kwamba fedha ile imekatwa kwa sababu ya malisho ya ng'ombe wake.

Hapo ndipo habari ya farasi inapokutana na habari ya ng'ombe, na ndiyo sehemu ambayo babu alichelewa kunisimulia kuliko zote. Ilikuwa mwaka 1977, mwaka mmoja kabla hajafa.

Babu alikuwa skwota. Maskwota waliruhusiwa kulima kipande na kulisha mifugo katika shamba la setla, kwa sharti la kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, kama sheria ya mwaka 1918 ilivyotaka. Wengi walitoka Kiambu, wakiwa wameifuata nchi yenye majani. Babu alikwenda na mitamba mitatu, na kwa Mkikuyu wa siku zile ng'ombe hawakuwa fedha tu. Ndio mahari, ndio jina la mtu. Mitamba ikazaa, na mmoja wa ndama akawa dume jeusi lenye baka jeupe tumboni. Alilitaja rangi yake kwa kirefu, kisha mama yake, kisha mama wa mama yake ambaye baba yake mwenyewe alimpata kwa kumwoza dada yake. Alipokuwa akihesabu hivyo nilitambua mtindo ninaoujua, ila sikusema.

Masetla waliyaogopa madume ya maskwota. Waliogopa maradhi, na katika hilo walikuwa na sababu, maana sotoka na homa ya mapafu vilikwisha maliza ng'ombe wengi wa nchi hii. Lakini waliogopa vilevile damu. Walikuwa wameagiza madume ya Kiingereza kwa fedha nyingi ili kuwainua ng'ombe wao kizazi kwa kizazi, na dume moja la skwota likiruka ua usiku mmoja, kazi ya miaka sita imeharibika. Basi mwaka 1928 bwana akatoa amri kwamba madume yote ya wafanyakazi yahasiwe. Wakaletwa hapo mabandani, siku moja, pamoja na koleo.

Wengine waliyaficha madume yao msituni. Babu hakuweza, kwa kuwa kila mtu alilijua lake. Tena koleo lilihitaji mtu wa kumshika mnyama kichwa, na bwana alisema wazi kwamba hakuna mtu shambani ambaye wanyama humtii kama saisi.

"Nililishika mimi mwenyewe," babu aliniambia. "Nililishika kwa namna ninavyomshika Karani. Nikaliambia maneno ninayomwambia Karani, kwa sauti ileile. Likatulia."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba asubuhi ya kesho yake lilikuja jike kutoka Molo, naye akamtoa farasi kama kawaida.

Mwaka uliofuata, 1929, ndio uliokuja ule wakati ambao Wakikuyu wa Bonde la Ufa waliuita kifagio. Mifugo ya maskwota ilifagiliwa katika mashamba mengi. Watu wakaambiwa wauze au wahame. Babu aliuza ng'ombe tisa kwa bei ya mbuzi. Lile dume, ambalo sasa lilikuwa maksai, bwana alilinunua yeye mwenyewe kwa kuvuta jembe. Babu aliliona kila siku kwa miaka mitano. Sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutumika mwaka 1940, ikawapa mabaraza ya masetla nguvu ya kupunguza mifugo zaidi na kuongeza siku za kazi, lakini kufikia hapo yeye hakuwa na kitu cha kupunguziwa.

Nilimwuliza swali ambalo najua msomaji naye angeuliza. Kwa nini basi hukumchukia yule farasi?

Alishangaa. "Karani alinifanya nini?" akasema.

Alikufa masika ya mwaka 1934. Ilikuwa jioni ya mvua kubwa, bwana alikuwa amempanda kwenda kwa rafiki yake akachelewa, wakarudi gizani. Siku nane baadaye Karani alipata homa, akaanza kuhema, na alfajiri povu jeupe likamtoka puani kama sabuni. Chanjo ilikuwa ikitafutwa miaka hiyohiyo huko Onderstepoort, Afrika ya Kusini, kwake haikuwahi. Babu alikaa usiku kucha akimpangusa povu lile. Bwana alisimama mlangoni akilia, na kwa muda huo, babu alisema, walikuwa wanaume wawili tu. Asubuhi watu kumi na wawili walichimba shimo nyuma ya banda, na bwana akaweka jiwe. Siku hiyo ndipo babu alipoiomba ile karatasi, ambayo ilikuwa imegongomewa kwenye mlango wa banda, akaambiwa aichukue.

Kuna jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia, kwa kuwa nililisoma akiwa amekwisha kufa. Farasi wa mbio wa Kiingereza wote, nasaba zao zilizoandikwa kitabuni tangu mwaka 1791, kwa upande wa baba huishia kwa madume watatu tu, na wote watatu waliletwa kutoka nchi za Mashariki. Mmoja alinunuliwa Aleppo, akapelekwa Uingereza mwaka 1704. Mwingine alikuja kwa njia ya Tunis na Ufaransa. Kwa hiyo Karani, Mwingereza aliyekuja Njoro kuinua damu ya majike ya Kihabeshi, babu wa babu zake alikuwa mgeni kutoka karibu na Uhabeshi kuliko London. Nafikiri babu angeifurahia habari hii kuliko ya daktari na punda milia. Saisi wa yule farasi wa Aleppo, aliyempeleka mpaka baharini, jina lake silioni popote.

Familia yetu iliondolewa Njoro mwaka 1953 kwa lori, pamoja na maelfu ya Wakikuyu waliorudishwa wakati wa Hali ya Hatari. Nilikuwa na miaka minne na ninachokumbuka ni turubai na harufu ya kuku. Baada ya Uhuru shamba lile lilikatwa vipande vya ekari chache chache. Nilikwenda kulitazama mwaka 2011, nikiwa nimestaafu, nikiwa na kopo mkononi kama mwendawazimu. Banda la mawe lilikuwa bado limesimama, limefanywa ghala ya mahindi. Mwenye kipande hicho, mtu wa umri wa wanangu, alinipokea vizuri lakini kwa wasiwasi. Akaniuliza kama nimekuja kwa habari ya fedha, maana watu husema Wazungu walizika fedha. Yeye mwenyewe alikwisha chimba nyuma ya ghala, penye jiwe, akakuta mifupa mikubwa tu, akaogopa, akafukia.

Nikamwambia ni farasi.

"Wa nani?" akauliza.

Nikajikuta nimesema, wa babu yangu. Akanitazama, akatazama kopo. Akasema tangu apafukie pale panatoa viazi vizuri, akaingia ghalani na kunijazia nusu debe nipeleke nyumbani.